Wakuu, miaka mitatu nimekuwa nikiua askari wangu mwenyewe shambani

Mzee wa Matenga:

Habari za jioni wanajukwaa. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite kimya kimya.

Mimi nalima nyanya Ilula, Iringa, heka moja na robo ya kukodi. Pembeni natupia kunde na maharage ya kula nyumbani. Ratiba yangu ya dawa haikuwa na mjadala: kila Jumamosi asubuhi najaza bomba la lita 16, napiga. Kuna mdudu napiga, hakuna mdudu napiga. Nilifundishwa hivyo na jirani, naye alifundishwa na jirani yake.

Mwaka jana mwezi wa nane kunde zikashikwa na vidukari, wale weusi, wamejibana kwenye ncha changa mpaka shina halionekani. Kuinama kuangalia nikakuta katikati yao kuna kidudu ambaye sikuwahi kumtilia maanani. Urefu wake kama punje ya mchele, mweusi, ana madoa ya rangi ya chungwa ubavuni, miguu sita imekaa mbele, nyuma amechongoka. Ukimtazama kwa karibu ni mamba mdogo kabisa. Nikasema eeh, nimempata mama mwenye nyumba, hawa weusi wote ni watoto wake. Nikaondoka kwenda kuchukua bomba.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Akaniambia baba, subiri kwanza. Akamchukua mmoja akamtia kwenye chupa ya maji, akatoboa mfuniko kwa sindano, akaweka na ncha ya kunde yenye vidukari. Chupa ikakaa dirishani. Usiku tukammulika kwa tochi ya simu. Jamani. Anamshika kidukari kwa taya, anamnyanyua juu vijiguu vinaning'inia, anamfyonza taratibu mpaka kinabaki kingozi, anakiachia kinadondoka, anamgeukia mwingine. Hana haraka, kama mtu anayekula karanga. Asubuhi ile ncha ilikuwa safi.

Binti akawa anamletea chakula kila akitoka shule. Baada ya wiki na ushee akagoma kula, akajigandisha kwa mkia kwenye ukuta wa chupa, akajikunja. Nikasema basi, kafa. Siku kama ya tano tumeamka tunakuta mdudu wa duara kama nusu ya choroko, wa njano iliyopauka, hana doa hata moja. Kufika mchana kawa mwekundu mwenye madoa meusi! Ni yule yule ambaye watoto wanamtembeza mkononi.

Tatizo ni kwamba Jumamosi ile, chupa ikiwa dirishani, mimi nilishapiga kunde zote na nyanya zote. Ndani ya wiki tatu vidukari wamerudi wengi kuliko mwanzo, na nyanya zikaingiwa na utitiri mwekundu. Majani yakawa kama yamebabuliwa na moto, chini yake utando. Nikavuna matenga 11 kwenye shamba ambalo msimu wa nyuma lilinipa zaidi ya 60.

Sasa nauliza: niliua wangapi wa aina hii kwa miaka yote mitatu? Kuna wengine ninaowaua bila kuwajua? Na kwa nini dawa imwache mbaya arudi, mwema asirudi?

---

Siti ya Mbele:

Nimekaa hapa na karanga zangu nasubiri wataalamu. Umeharibu hamu ya karanga lakini.

---

Afisa Ugani Mstaafu:

Mzee wa Matenga, mpe binti hongera zangu. Nimefanya kazi ya ubwana shamba miaka mingi, na wakulima walioona hicho alichokiona yeye nawahesabu kwa vidole.

Nianze na swali lako la mwisho. Kidukari jike hahitaji dume. Anazaa watoto hai, na kila mtoto anazaliwa tayari ana wenzake tumboni. Kwenye joto ndani ya wiki moja hivi naye anazaa. Ukipiga dawa wakabaki kumi chini ya jani, umebakiza ukoo. Huyo askari wako kwanza lazima atoke mahali pengine, akute chakula kipo, atage, mayai yaanguliwe, mtoto akue. Mbio hizo hawezi kushinda. Isitoshe wewe Jumamosi inayofuata unarudi na bomba.

Na utitiri si mdudu. Hesabu miguu, utakuta minane, ni ndugu wa kupe na buibui. Dawa nyingi za wadudu haziugusi, ila zinawaua wanaoula, wakiwemo utitiri wenzake wawindaji ambao kwa macho huwaoni. Ukipiga mfululizo zile dawa zilizoigwa kutoka kwenye pareto, zile za "piga mdudu adondoke hapo hapo", mara nyingi utitiri ndio unaonenepa. Wewe hukuwa na bahati mbaya, uliualika mwenyewe.

Wengine unaowaua? Wengi. Kuna nzi mwenye mistari ya njano na nyeusi kama nyigu, anaelea hewani mbele ya ua kama helikopta. Funza wake hana miguu, wa kijani kibichi, anatambaa katikati ya vidukari akila. Wakulima wanamponda wakidhani ni kiwavi. Halafu nenda kaangalie vidukari wa kabichi: utakuta baadhi yao wamevimba, rangi ya kaki, wamekauka, na mgongoni wana tundu la duara kama limekatwa kwa wembe. Huyo si mgonjwa wa dawa. Kinyigu kidogo kuliko chungu kilitaga yai ndani yake, mtoto akamla kutoka ndani, akakata dari akatoka. Ukiona hao wa kaki wamekuwa wengi kwenye jani, weka bomba chini.

---

Mama Bustani Lushoto:

Jamani huyu mwekundu wa madoa kwa Kiswahili ni nani? Kwetu wapo wanaomwita mdudu kobe. Halafu mimi nina swali: mbona kwenye viazi vyangu wapo wenye madoa kama hao hao na majani yametobolewa yamebaki nyavu tupu? Nimewaacha kwa sababu mwanangu naye aliniambia ni rafiki!

---

Afisa Ugani Mstaafu:

Mama Bustani, hapo umegusa pabaya. Ukoo huo una waasi. Yupo mwenye madoa mengi, rangi ya tofali iliyofifia, hang'ai. Ukimwangalia mwangani ana vinyweleo vifupi kama amevaa blanketi. Mtoto wake ni wa njano ana miiba miiba. Hao wanakula majani: viazi, mnavu, bilinganya, jamii ya maboga. Yule rafiki anang'aa kama ametiwa vanishi. Lakini usitegemee rangi peke yake. Simama dakika tano umwangalie anakula nini.

---

Kichwa Ngumu:

Hadithi tamu sana hizi za chupa. Mimi nalima mahindi Kiteto heka 40. Viwavijeshi vamizi wakiingia nikusanye watoto wa kidato cha pili na chupa? Wakati mnasubiri nyigu aje, mahindi yameshakuwa fito. Njaa haina subira wakuu. Mimi napiga na nitaendelea kupiga.

---

Siti ya Mbele:

Sasa uzi umeanza.

---

Afisa Ugani Mstaafu:

Kichwa Ngumu, sikatai dawa. Nakataa kupiga kwa kalenda.

Kwanza tuelewane ni kiwavi gani. Yule wa zamani, wa kwetu, anakuja kama jeshi kweli, mweusi, anafuata majira ya mvua, anafagia malisho na mashamba kwa pamoja na kuhama. Huyu vamizi katoka Amerika. Afrika aligunduliwa 2016 upande wa magharibi, na 2017 alikuwa ameshafika kwetu na Kenya. Mtazame usoni ana herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyopangwa mraba. Haandamani. Anajichimbia kwenye moyo wa hindi na kuziba mlango kwa kinyesi chake kama unga wa mbao. Tena anakula ndugu zake, ndiyo maana ukifunua moyo unamkuta mmoja mnene, wawili ni nadra.

Nondo anataga mafungu ya mayai 100 hadi 200, anayafunika na manyoya kama ukungu wa mkate. Yanaanguliwa baada ya siku mbili tatu. Wakiwa wadogo wanakwangua jani linabaki dirisha jeupe. Hapo ndipo pa kuwapata. Wewe unawaona wakiwa urefu wa njiti ya kiberiti, wamejifungia ndani, unawapigia dawa saa sita mchana jua la utosi. Unaogesha majani tu. Wanatoka kula jioni na alfajiri, na dawa ipigwe wakati huo, ielekezwe kwenye moyo.

Na kabla ya kupiga, hesabu. Tembea shamba kwa zigizaga, simama sehemu tano, kila sehemu angalia mashina 20. Mahindi yakiwa bado madogo, kama mashina yenye dalili mbichi hayafiki 20 kwenye 100, acha. Yakikaribia kutoa mbelewele unaweza kuvumilia hata 40. Yakishatoa, mkulima mdogo asihangaike, dawa haimfikii tena na mwenye bomba anajimwagia usoni.

---

Kichwa Ngumu:

Heka 40 nihesabu mashina?

---

Afisa Ugani Mstaafu:

Mashina 100 kwa kila kipande cha shamba kinachofanana. Ni saa moja kila kipande. Kupiga heka 40 ni siku ngapi na lita ngapi?

---

Kichwa Ngumu:

Sawa mzee. Hesabu hiyo naielewa.

---

Nyuma ya Kaunta:

Nina duka la pembejeo, mkoa sitautaja. Niseme ukweli ambao wenzangu hawatapenda.

Mteja akija haulizi dawa ya mdudu gani. Anasema "nipe ya kuua vyote". Nikimwuliza umeona nini shambani, anakasirika, anaenda duka la pili. Kuna siku nilimwambia mzee mmoja majani aliyoniletea yana ugonjwa wa ukungu, hayana mdudu. Akanijibu kama hutaki hela yangu sema. Akanunua kwingine ya wadudu, akapiga, ukungu ukamaliza shamba.

Lingine ni majina. Chupa tatu zenye picha tatu tofauti na rangi tofauti, ndani kiambata, yaani sumu yenyewe inayoua, ni kile kile. Mkulima anadhani anabadilisha dawa, kumbe anabadilisha lebo. Hivi ndivyo usugu unavyojengwa. Kwenye lebo tafuta yale maandishi madogo ya kiambata, siyo jina kubwa, na hakikisha ina namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Na mchanganyiko wa dawa tatu kwenye bomba moja, ule tunaouita supu, naomba muache. Mimi nimeuza vitu vya supu hiyo, sijivunii.

---

Kidaka cha Unguja:

Mmesahau jeshi kubwa kuliko yote. Maji moto!

Nyinyi wa bara hamjui raha na karaha yake. Ni chungu wekundu wanaoshona majani ya mti kwa nyuzi. Kushona kwenyewe ni kitendawili: wakubwa wanajipanga mstari wanavuta kingo mbili za jani, halafu mwingine analeta mtoto mdomoni, anamgusisha huku na huku kama kasha la cherehani, kwa sababu uzi unatoka kwa mtoto. Ukipanda mkarafuu wenye kiota chao utashuka bila kutumia ngazi.

Sasa kwenye minazi kuna mdudu mwembamba wa kahawia anayefyonza vidaka. Kidaka kinatoka donda, kinaanguka kabla hakijawa kitale, dafu utaliona kwa jirani. Mnazi wenye maji moto wengi hana nafasi, wanamkamata yeye na watoto wake. Mambo haya yalichunguzwa hapa hapa Unguja tangu miaka ya 1950. Bibi yangu hakusoma uchunguzi wowote, lakini alikuwa anafunga kamba kutoka mnazi hadi mnazi ili wavuke. Mpandaji wake alikuwa anamtukana kila mwezi.

Adui wao ni chungu wengine wadogo wa chini, wa kahawia, askari wao wana vichwa vikubwa kupita kiasi. Hao wakitawala shina, maji moto wanahama, na vidaka vinaanza kuanguka tena. Kwa hiyo hata chungu kwa chungu si sawa.

---

Korosho Newala:

Nathibitisha ya Kidaka. Huku kwetu mbu wa mikorosho anafyonza machipukizi na maua yanakauka kama yameunguzwa. Watafiti wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, walishafanyia kazi hawa maji moto kwenye mikorosho, na mti wenye nao unapata madhara machache. Shida ni vijana wa kuokota na kupogolea, hawataki kuwasikia, wanachoma viota kwa moto. Mimi nimekubaliana nao: wanajipaka majivu mikononi na miguuni, na tunaokota asubuhi mapema kabla chungu hawajachangamka. Na msichanganye mambo, salfa ni ya ubwiri unga, mbu haimuui.

---

Vunjajungu:

Naona wadudu wengi wametajwa na mimi bado hamjanitaja. Mimi jina langu limetoka kwa mdudu, yule wa kijani anayekunja mikono kama anasali. Utotoni tuliambiwa ukimgusa ukifika nyumbani utavunja chungu. Nimegundua wazee walikuwa wanamlinda askari wa shamba kwa vitisho 😂

---

Afisa Ugani Mstaafu:

Sina uhakika kama wazee walikuwa na nia hiyo. Na vunjajungu hachagui, anakula nyuki na vipepeo pia, hata mume wake. Lakini usimguse, vyungu ni ghali.

---

Jaduong wa Siaya:

Salamu kutoka Kenya. Huku Nyanza mimi sikununua dawa ya mahindi huu mwaka wa sita. Nafanya ile ya vuta-sukuma, ilitoka kwa watu wa icipe, wale watafiti wa wadudu, kituo cha Mbita, hapo ziwani. Iko tangu miaka ya 1990.

Kazi yake iko hivi. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, majani ya malisho ya jamii ya kunde. Harufu yake inafukuza nondo. Pembeni mwa shamba lote unazungushia nepia, nyinyi mnaita mabingobingo, au brachiaria kwa wa sehemu kavu. Nondo akifukuzwa ndani anavutwa na nje, anataga kwa nepia. Mtoto akianza kutoboa, nepia inatoa utomvu wa kunata, wengi wanafia hapo. Tena hiyo harufu ya desmodiamu inaita nyigu wale wadogo. Ilitengenezwa kwa ajili ya bungua wa mabua, halafu huyu vamizi alipokuja wakapima tena, na matokeo ya 2018 yalionyesha viwavi wamepungua zaidi ya asilimia 80 ukilinganisha na mahindi peke yake.

Lakini mimi iliyonishika si viwavi. Ni kayongo, nyinyi mnaita kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Desmodiamu inadanganya mbegu yake inaota kabla haijapata mzizi wa kushika, inakufa. Shamba la baba lilikuwa zambarau tupu la maua ya kayongo, mahindi ya magoti. Leo ng'ombe wawili wanakula nepia na desmodiamu, maziwa nauza.

---

Kichwa Ngumu:

Mkuu wa Siaya, shamba ni lako?

---

Jaduong wa Siaya:

La kwetu, la urithi.

---

Kichwa Ngumu:

Ndiyo maana. Mimi nakodi kwa msimu. Nipande majani ya kudumu miaka mitano mwenye shamba aje kufuga ng'ombe wake? Na mbegu ya hiyo desmodiamu bei yake niliulizia, nikakaa chini. Na palizi ya mwanzo inataka mikono maana changa inafanana na magugu. Sibishi kwamba inafanya kazi. Nasema inafanya kazi kwa mwenye ardhi.

---

Jaduong wa Siaya:

Hapo sikupingi. Mwaka wa kwanza nusu nusura niing'oe. Mbegu wengine tunapanda vipande vya shina kutoka kwa jirani, bure.

---

Mto Malagarasi:

Mnajadili nyigu kama jambo la kubahatisha. Someni habari ya muhogo. Miaka ya mwanzo ya 1970 kidung'ata kutoka Amerika Kusini aliingia maeneo ya Kongo, akasambaa mihogoni nusu ya bara, ncha zikawa zimejikunja kama ngumi zilizopakwa unga. Kwake kulikuwa na adui, huku hakuna. Mswisi Hans Herren wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, na washirika wake wakamfuata mdudu huyo mpaka kwao, 1981 wakampata Paragwai, na nyigu wake akiwa hapo hapo. Baada ya karantini wakamzalisha, wakamwachia Nigeria mwaka huo huo, kisha nchi baada ya nchi, mara nyingine kwa ndege. Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia 1995. Bibi zetu Kigoma walirudi kula ugali wa muhogo na hakuna aliyenunua chupa ya dawa wala aliyejua kuna nyigu.

---

Mzinga wa Singida:

Mimi nina lalamiko, siyo swali. Nina mizinga 30 karibu na mashamba ya alizeti. Msimu uliopita jirani alipiga dawa alizeti ikiwa imechanua, saa nne asubuhi, nyuki wangu wote wako kazini. Jioni mbele ya mizinga kulikuwa na zulia. Wengine walikuwa hai bado, wanazunguka kwa mgongo chini, ulimi nje. Nimepoteza makundi tisa. Na yeye alizeti yake ilikuja na vichwa vyenye pengo katikati, mapepe mengi, kwa sababu waliopaswa kumchavushia alikuwa amewaua. Tulikaa kikao kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukakubaliana: wakati wa maua hakuna kupiga, na ikilazimu ni baada ya jua kuzama, na nipewe taarifa siku moja kabla nifunge milango.

Mzee wa Matenga, hata wewe wa nyanya unahusika. Ua la nyanya linaficha chavua kwenye kijimrija, linataka kutikiswa. Nyuki wa asali hana ujuzi huo. Wapo nyuki wengine wa porini, mmoja ana mistari ya bluu mkiani, anashika ua na kunguruma, vuuu, chavua inamwagika. Wanaishi wapwekewapweke kwenye udongo na kuta za matope. Na yule mkubwa mweusi anayetoboa papi za paa, mnayemfukuza kwa ndala, bila yeye pasheni zako hazishiki.

---

Ghala Tupu:

Vipi dumuzi, yule anayetoboa mahindi ghalani? Huyo hana rafiki wa kumla?

---

Afisa Ugani Mstaafu:

Anaye. Dumuzi mkubwa naye ni mgeni, alionekana kwetu Tabora karibu na 1980, wakulima wakamwita Scania kwa kazi yake. Kwao Amerika ya Kati kuna mende mweusi mdogo anayemla, naye aliletwa akaachiwa Afrika miaka ya 1990, Kenya ikiwemo. Porini anasaidia kupunguza. Ghalani mwako usimsubiri: kausha, pukuchua, tumia mifuko isiyopitisha hewa, ifunge vizuri. Fungua uzi wake, hapa tutapotea.

---

Mzee wa Matenga:

Nashukuru wote. Sasa niambieni kuhusu kantangaze, yule kiwavi anayetoboa nyanya. Huyo ndiye anayenitoa machozi. Rafiki yake yuko wapi?

---

Afisa Ugani Mstaafu:

Kantangaze ni wa Amerika Kusini. Alivuka kuingia Hispania 2006, akashuka Afrika Kaskazini, 2014 yuko Tanzania na Kenya. Watu waliamka nyanya zimetobolewa zote, akakutangaza kweli.

Ugumu wake ni kwamba kiwavi anaishi ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, kama mtu kati ya godoro na shuka. Dawa nyingi haimfikii. Na kwao alikuwa ameshazoea dawa nyingi kabla ya kuja. Watu wa icipe walimleta nyigu wake kutoka Peru na wamekuwa wakimwachia mashambani Afrika Mashariki, lakini usikae dirishani kumsubiri. Ya kufanya wewe: usipande nyanya juu ya nyanya, wala jirani na shamba lililokwisha vunwa likaachwa. Mabaki na nyanya mbovu usizitupe kwenye mfereji, zifukie kina cha goti au zifunge kwenye nailoni jeusi juani. Mtego wa harufu unakamata madume tu, ni wa kukupa taarifa ameingia lini, haumalizi ukoo. Ukilazimika kupiga, chagua zile zenye bakteria wa kuua viwavi au mwarobaini kwanza, zinawabakiza askari wengi. Na majirani wote mkubaliane, la sivyo unafuga wa mwenzako.

---

Nyuma ya Kaunta:

Hizo za bakteria ninazo dukani mwaka wa pili, zimekaa. Mteja anasema "haidondoshi". Kiwavi akiila anaacha kula, anakufa baada ya siku mbili tatu. Mkulima anataka aone maiti kabla hajafika nyumbani.

---

Mzee wa Matenga:

Wakuu, nimerudi. Ni wiki ya saba tangu nifungue uzi, nilisubiri niwe na cha kusema.

Jumamosi siendi tena na bomba, naenda na daftari. Nimepiga mara mbili tu tangu kupandikiza, zote jioni, moja ya bakteria na moja ya mwarobaini. Pembeni nimeacha giligilani ichanue na mstari wa alizeti, na asubuhi pale kuna vijinyigu na wale nzi wa kuelea wengi mpaka jirani kauliza nimemwaga sukari.

Kantangaze kaniingilia. Nimefukia ndoo tano za nyanya zilizotobolewa na upande wa mfereji nimeumia. Jirani huyo huyo anapiga kila wiki, na shamba lake ukipita asubuhi nondo wanaruka kama pumba. Utitiri safari hii nimeuona mashina sita, haujasambaa. Matenga nitawaambia mwisho wa msimu, sitaki kutangaza kabla.

Kwenye kunde vidukari walikuja tena. Sikugusa. Siku ya nne kulikuwa na sisimizi wanawalinda, wanakunywa ule utamu wao na kuwafukuza askari. Nikapaka grisi kwenye kamba niliyofungia mti wa kuegemea, sisimizi wakakwama. Wiki iliyofuata nikaona wale wa kaki aliowasema mzee. Kwenye jani moja nimehesabu 23, kati yao 14 wana tundu.

Binti kamchukua mmoja asiye na tundu bado, kamtia kwenye chupa. Jana usiku tukaona kwa tochi dari inakatwa kutoka ndani, kidogo kidogo, kwa mzunguko, kama mtu anafungua kopo la maziwa. Kikatoka kitu cheusi chembamba, kikasimama juu ya ganda, kikaanza kupangusa masharubu. Video ninayo, naiweka kesho nikipata bando.